Unahamia Pwani? Gonga Zege Kwanza

"Nyumba ni nzuri, ina vinyufa kidogo tu chini ya boriti. Tukihamia tutapiga plasta na rangi." Jamani. Mtu amepiga hesabu ya shule, usafiri na kazi ya kuacha mjini, nondo hakuzikumbuka.

Ufa unaoifuata nondo na kutoa doa la kahawia si ufa wa plasta. Zege zima lina alkali kali, pH 12.5 hadi 13, inayoivisha nondo utando wa kuikinga na kutu. Chumvi ikipenya, au mjenzi akiitia mwenyewe kwa mchanga wa ufukweni na maji ya kisima cha chumvi, kloridi, sehemu ya chumvi inayokishambulia chuma, huutoboa utando huo. Kutu huhitaji nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, basi zege hupasuka. Ukiuona ufa, ugonjwa ni wa siku nyingi.

Sasa kiraka, yaani hiyo plasta ya kuziba ufa. Ukibandua zege lililoharibika na kujaza jipya, nondo iliyo ndani ya kiraka hutulia. Jirani yake, iliyobaki kwenye zege la zamani lenye chumvi, ndiyo huanza kuliwa. Awali sehemu mbovu ilikuwa kafara: ilioza yenyewe, ikawakinga wenzake. Kafara umeiondoa. Baadaye ufa unakizunguka kiraka kama pete, na lawama zinaiendea saruji! Kiraka cha maana hubomolewa hadi milimita 20 au 25 nyuma ya nondo, na kutu hufuatwa kwa urefu mpaka chuma safi. Sugua ing'ae, ongeza nondo palipokondeana, funga vipande vya zinki pembezoni vioze badala yake. Navyo vitakwisha siku moja.

Ukaguzi huanza na nyundo. Wengi hukimbilia ukuta unaotazama bahari, kumbe huo mvua huuosha. Chumvi hujikusanya pasipooshwa: chini ya roshani, chini ya ukingo wa paa, dari ya baraza. Gonga huko. Mlio wa mtungi mtupu maana yake zege limeachana na nondo. Kisha toboa, kusanya unga wa kila milimita 10 mpaka uipite nondo, maabara ipime kloridi.

Na tafadhali, usiniletee picha ya ile dawa inayogeuza zege kuwa la waridi. Inaonyesha kama alkali ipo, chumvi haiioni. Zege laweza kuwa waridi kabisa huku nondo zinaliwa.

Majibu ya maabara mara nyingi hupimwa kwa kiwango cha kloridi cha asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Mimi sikiamini kama mpaka. Kuna nondo huanza kuoza chini yake, nyingine hukaa salama juu yake. Unyevu, aina ya saruji na vishimo vya hewa kando ya nondo vyote vina neno. Nakitumia kujua sehemu ipi imezidi ubaya. Sikitumii kutaja miaka iliyobakia nyumba.

"Lakini tuko mbali na maji." Chumvi hupungua upesi ukiuacha ufukwe, ila mawimbi yakivunjika kwa nguvu na upepo ukielekea bara, huvuka kilomita. Angalia bawaba za majirani kama zimeshika kutu.

Kloridi ikiwa imefika kwenye nondo za nguzo, panga, usinunue. Ikiwa ni roshani peke yake, gharama ya kuibomoa itoke kwenye bei, kabla ya kutia saini.