Kumtafuta mhadhiri wa sera ya elimu: kazi huanzia kwenye tangazo

Nafasi ya mhadhiri wa sera ya elimu haitangazwi mara nyingi. Ikitangazwa huwa ni moja, nayo imejibanza ndani ya idara inayobeba pia uongozi wa shule, falsafa, historia na uchumi wa elimu. Waombaji hawakosekani, maana vyuo vyetu vinatoa walimu wenye shahada kila mwaka. Anayekosekana ni mtu anayeweza kuchukua waraka wa kurasa chache kutoka wizarani na kuwaonyesha wanafunzi utafanya nini ukifika shule ya kata. Katika miaka niliyokaa kwenye kamati za ajira za kitaaluma, nimeona jopo la usaili likilaumiwa bure. Likikosa mtu, mara nyingi mtu huyo alishakosekana siku tangazo lilipoandikwa.

Kwanza utaratibu wenyewe, kwa wale wanaodhani mkuu wa idara humwita amtakaye. Katika chuo cha umma hapa Tanzania, idara huonyesha pengo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi inaotakiwa kuwa nao, chuo huliingiza kwenye bajeti ya mishahara, kisha huomba kibali cha ajira Ofisi ya Rais, Utumishi. Kibali kinaweza kuja pungufu: mmeomba nafasi sita, zimekuja mbili. Hapo sera ya elimu huanza kushindana na hisabati na TEHAMA, na kwa kawaida haishindi. Zikipatikana, tangazo hutolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na maombi hupitia mfumo wake wa Ajira Portal. Vyuo binafsi huajiri vyenyewe chini ya mabaraza yao, ila navyo vinabanwa na viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU.

Kwenye Ajira Portal wapo wanaoanguka kwa mambo madogo kabla sifa zao hazijasomwa. Hati ya matokeo ya muda haikubaliki, wala karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita. Vinatakiwa vyeti vyenyewe. Shahada ya nje ya nchi iwe imehakikiwa na TCU, na cheti cha sekondari cha nje kiwe kimepita Baraza la Mitihani, NECTA. Aliye tayari kwenye utumishi wa umma hupitisha barua yake kwa mwajiri wake. Barua isainiwe, na inaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Wadhamini ni watatu, na hapa nina ushauri mmoja tu: angalau mmoja awe amesoma utafiti wako. Diwani anayekufahamu tangu utotoni ni mtu mwema, lakini hawezi kusema lolote juu ya tasnifu yako.

Sasa tangazo. Idara nyingi huchukua la zamani, hubadilisha tarehe na kulituma. Matokeo yake ni sifa kama “shahada ya kwanza ya elimu na uzamili katika sera ya elimu”, bila neno la ziada. Kwenye karatasi inaonekana sawa. Lakini sera ya elimu ni eneo ambalo watu huliingia kwa milango tofauti. Mmoja amesoma uchumi na tasnifu yake ya uzamivu ni juu ya ugharamiaji wa shule. Mwingine ni wa sayansi ya siasa, ameandika juu ya halmashauri zinavyogawa walimu. Wa tatu ana uzamili wa uongozi wa elimu, na mada aliyoisoma miaka yote ni sera, ila neno hilo halimo kwenye jina la shahada. Anayechuja maombi hana muda wa kufungua tasnifu. Anasoma jina la shahada na kusonga mbele. Kama idara inawataka watu hawa, lazima iandike hivyo: “au fani inayohusiana, mradi utafiti wa mwombaji uwe juu ya sera, ugharamiaji au utawala wa elimu.” Mstari huo mmoja hubadilisha kabisa orodha ya wanaoitwa.

Halafu kuna GPA, wastani wa alama za shahada. Matangazo mengi ya vyuo vya umma yamekuwa yakitaka isiyopungua 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili. Nayaelewa makusudi: chuo kinataka watu walioonyesha bidii mapema, na kigezo cha namba hakipindishwi kwa urahisi na mjomba wa mtu. Kwa TA (Tutorial Assistant), kijana aliyetoka kuhitimu ambaye chuo kitamsomesha, ni sawa kabisa. Kwa mhadhiri wa sera, mimi naona kinatugharimu. Chukua afisa elimu wa wilaya aliyefanya kazi miaka 15, akajisomesha Chuo Kikuu Huria hadi uzamivu, amewahi kupanga ikama ya walimu na kujibu hoja za mkaguzi wa hesabu. Shahada yake ya kwanza ilikuwa 3.4. Huyo hafiki kwenye usaili. Kenya, ilipotoa vigezo vya pamoja vya vyuo vikuu mwaka 2014, ilitilia mkazo uzamivu kwa ngazi ya mhadhiri, na nadhani mwelekeo huo ni bora zaidi kwa fani kama hii, ambayo ujuzi wake huiva kazini.

Wakishaitwa, jopo linawauliza nini? Swali la “taja sera za elimu Tanzania tangu uhuru” halimpimi mtu. Kila aliyesoma ualimu atakutajia Elimu ya Kujitegemea ya 1967, Azimio la Musoma la 1974, Sheria ya Elimu ya 1978, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 na ile ya 2014. Huo ni mpangilio wa miaka tu. Mpe waraka na kalamu.

Swali ninalolipenda linahusu ruzuku ya uendeshaji wa shule. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002, ulipanga shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, wakati huo zikiwa karibu sawa na dola 10 za Marekani. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaja kuondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Wakati huo ruzuku ya msingi ilikuwa bado shilingi 10,000, na thamani yake ilikuwa imeshuka chini ya dola 5. Muulize msailiwa: mwalimu mkuu mwenye wanafunzi 600 anabaki na nini, na kila kinachopungua analipa nani? Mwombaji dhaifu atasifu elimu bila malipo au ataiponda. Mwenye uwezo atauliza fedha zinafika shuleni moja kwa moja au sehemu inabaki juu kwa ajili ya vitabu, atakumbuka mlinzi na umeme, atataja kamati ya shule, na kabla hujamwuliza atakuwa ameshapiga hesabu pembeni.

Swali jingine limetuletewa na Sera ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Januari 2025. Elimu ya lazima inakuwa miaka 10, na msingi unashuka kutoka miaka saba hadi sita. Kuna mwaka ambao madarasa mawili yatamaliza msingi kwa pamoja. Vyumba vya kidato cha kwanza, walimu wa sayansi, mabweni: nani anapanga, Wizara ya Elimu au TAMISEMI, ile ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na fedha zinapita wapi? Asiyejua mgawanyo wa kazi kati ya hizo mbili hawezi kufundisha sera ya elimu Tanzania Bara. Akijua pia kwamba elimu ya juu ni jambo la Muungano ilhali shule za Zanzibar zina wizara na sera yake, hiyo ni ziada ninayoipa alama.

Jambo moja husahaulika kabisa. Mihadhara yetu ni kwa Kiingereza, machapisho yanayohesabiwa kwenye kupandishwa cheo mengi ni ya Kiingereza, lakini Sera ya 2014, nyaraka za elimu na mijadala ya Bunge ni Kiswahili. Mtu aliyejengeka kwenye makala za majarida ya nje pekee anaweza kufundisha muhula mzima bila kuwafungulia wanafunzi Waraka Na. 2 wa 2021, ule wa kuwarejesha shuleni waliokatiza masomo. Mhadhara wa majaribio ni mahali pazuri pa kuliona hili. Apewe hati ya Kiswahili jana yake, aifundishe kwa dakika 20, jopo liangalie anaichambua au anaisoma kwa sauti.

Atakayechaguliwa huanza na muda wa majaribio, kwa kawaida miezi 12. Hapo ndipo vyuo huharibu kazi yao wenyewe. Vitivo vya elimu vina wanafunzi wengi mno, na mhadhiri mpya hupakiwa kozi za misingi ya elimu zenye madarasa makubwa, mitihani ya kusahihisha hadi likizo, na usimamizi wa mazoezi ya kufundisha mikoani. Kozi ya sera inabaki kwa yule yule mzee aliyekuwa akiishika kwa muda. Kwa hiyo, wewe uliyepokea barua ya ajira, kabla ya kuisaini mwombe mkuu wa idara akuonyeshe mgawanyo wa vipindi wa muhula ujao. Uangalie kozi ya sera ina jina la nani.