Alama ya maji haizuii mtu kunakili waraka wako

"Mwanangu, nitilie alama ya maji humo, wasije wakaniibia." Maneno haya nayasikia kwenye saiba yangu hapa Malindi kutoka kwa wateja wa kila namna: mzee aliyeleta mkataba wa kuuza ploti Mambrui, mwalimu mwenye mitihani ya majaribio, msimamizi wa nyumba za wageni Watamu anayewatumia mawakala orodha ya bei. Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hivyo leo nayaandika.

Alama ya maji, yaani yale maneno hafifu yanayolala nyuma ya maandishi ya ukurasa, haizuii wizi. Mtu anaweza kunakili, kuhariri na kuchapisha waraka wenye alama ya maji kama vile hauna. Alama humwambia msomaji jambo fulani: hii ni rasimu, hii ni siri, hii ni ya kampuni fulani. Msomaji mwaminifu ataiheshimu. Asiye mwaminifu ataiondoa kabla chai yake haijapoa.

Angalia inavyofanya kazi. Kwenye Word, programu ya kuandikia nyaraka, ukienda Design, kisha Watermark, ukachagua neno, programu huchora umbo la maandishi lililolala mshazari na kulipachika kwenye kichwa cha ukurasa, nyuma ya maneno yako. Kwa kuwa kichwa cha ukurasa hujirudia, alama nayo hutokea kila ukurasa bila wewe kuirudia. Maneno ya mkataba yako mahali pengine kabisa. Faili ya docx, yaani waraka wa Word, ni kifurushi cha faili ndogondogo zilizobanwa pamoja. Maandishi yako yamo ndani ya document.xml, alama imo kwenye faili ya kichwa cha ukurasa, kwa mfano header1.xml. Hakuna kinachoifunga hii na ile.

Sasa chukua huyo unayemwogopa. Anachagua maandishi yote, anayanakili, anafungua waraka mpya na kuyabandika kama maandishi matupu. Mkataba wako umehama mzima, alama imebaki ilikokuwa. Hata hilo akiliona ni kazi ndefu, menyu ileile uliyoitumia kuweka alama ina amri ya kuiondoa, Remove Watermark, imeandikwa wazi.

Hapo mteja huniambia, "Basi nigeuzie iwe PDF." Nitakugeuzia, na ni jambo jema, kwa sababu PDF hulinda mpangilio: mistari haitahama kwa kuwa mwenzako ana fonti tofauti. Lakini tangu toleo la 2013 Word yenyewe hufungua PDF na kuirudisha kuwa waraka wa kuhaririwa. LibreOffice Draw nayo huifungua vipande vipande, na kila kipande kinafutika. Usipoweka kizuizi kingine, maneno yaliyomo hunakilika kwa kipanya tu.

Kinachoniuma ni kwamba imani hii huwafanya watu waache kinga ya kweli. Nimeona kijana akituma andiko zima la mradi, kurasa zote, kwa mtu ambaye hajamlipa hata shilingi, akijipa moyo kwamba neno DRAFT limekaa katikati. Mpokeaji akanyamaza, na andiko likawasilishwa kwingine bila DRAFT wala jina la kijana. Kazi ambayo hujalipwa usiitume nzima. Tuma ukurasa wa kwanza na wa pili kama picha, zilizobaki zifuate pesa.

Kama waraka ni wa siri, nenda File, kisha Info, kisha Protect Document, uchague kuufunga kwa nenosiri. Hiyo ndiyo hufumba maandishi yenyewe, yasisomeke bila nenosiri. Tangu Office 2016 hutumika njia ya ufumbaji iitwayo AES, ya biti 256. Nenosiri lipitishe njia nyingine: faili kwa barua pepe, nenosiri kwa kupiga simu. Ukilisahau usinililie, mimi siwezi kulifungua. Ukishampa mtu nenosiri, naye anaweza kunakili, kwa hivyo mpe unayemwamini. Na msichanganye jambo hili na Mark as Final, wala na Restrict Editing. Hizo hupunguza ajali za kuhariri bila kukusudia, hazifumbi chochote.

Kwa mikataba ya ardhi ndiyo nataka tuelewane zaidi, maana hapa Malindi ploti moja huweza kuuzwa mara mbili watu wakaishia mahakamani. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa kuuziana ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na shahidi aliyekuwapo wakati inatiwa. Alama ya maji haikutajwa. Badala ya kunihimiza niweke nembo kubwa katikati ya ukurasa, tieni sahihi fupi chini ya kila ukurasa ili usije ukachomolewa mmoja na kupachikwa mwingine, na kila upande uondoke na nakala yake iliyo kamili.

Je, alama haina kazi? Inayo, na kuna matumizi moja ninayomshauri kila mtu. Acha maneno yaliyokuja na programu. Fungua Custom Watermark, andika anayepokea pamoja na rasimu ni ya ngapi: NAKALA YA MUUZAJI, RASIMU YA PILI. Kila mpokeaji apate yake. Nakala ikizagaa kwenye WhatsApp ya mtaa huku alama ingali juu yake, utajua imetoka mkononi mwa nani. Pia mawakili hawatabishana juu ya rasimu ya juzi wakidhani ni ya leo. Mwalimu wa mitihani naye atajua ni karatasi ya darasa gani iliyovuja.

Mengine niyapitie haraka.

"Ukurasa wa kwanza hauna alama, faili ina virusi." Hapana. Waraka umewekewa kichwa tofauti kwa ukurasa wa kwanza, Different First Page, au umegawanywa sehemu ambazo vichwa vyake havikuunganishwa. Bonyeza mara mbili juu kabisa ya ukurasa uangalie. Ikiwa alama haionekani kwenye skrini lakini inatoka kwenye karatasi, rudi kwenye mwonekano wa Print Layout.

"Iwe nyeusi zaidi ndiyo ina nguvu." Nyeusi zaidi inameza maneno na kumaliza tona. Acha kijivu hafifu. Ila ujue kwamba mashine ya fotokopi huweza kuipoteza kijivu hiyo, kwa hivyo fanya jaribio la karatasi moja kwanza.

"Bila alama, sina hakimiliki." Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki huanza pale kazi yako halisi inapoandikwa au kurekodiwa. Kwa maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

"Ni ileile ya kwenye noti." Noti zetu zina kichwa cha simba unachokiona ukiinua noti kwenye mwanga. Simba huyo alitengenezwa karatasi ingali rojo, kwa kupunguza na kuzidisha unene wake, ufundi ulioanzia Italia karne ya 13. Ya Word ni wino juu ya karatasi ya kawaida, na yeyote mwenye prinita anaitoa.

"Andika CERTIFIED COPY, nipeleke afisini." Hili silifanyi. Nakala huthibitishwa na wakili au afisa mwenye mamlaka hayo, kwa muhuri na sahihi yake, baada ya kuona asili.

La mwisho ni vitambulisho. Watu huskani kitambulisho, wakakibandika kwenye Word, kisha wakashangaa alama haionekani. Alama hukaa nyuma ya kila kitu, kwa hivyo picha huifunika, kama vile jedwali lililotiwa rangi linavyoifunika. Hapo usitumie Watermark kabisa. Weka kisanduku cha maandishi juu ya picha, uandike KWA KUPANGA NYUMBA TU na tarehe, maneno yakate juu ya sura na nambari bila kuzifanya zisisomeke. Kisha usitume hiyo faili ya Word. Ichapishe, uiskani upya, utume picha hiyo, ili maandishi na kitambulisho viwe kitu kimoja.