Mkate wa chachu si mkate mchachu

Maana yenyewe haihitaji nafasi kubwa. Mkate wa chachu ni mkate ambao unga wake umeumuka kwa nguvu ya chachu, yaani unga na maji vilivyochanganywa, vikaachwa kuchacha, vikalishwa unga mpya siku baada ya siku mpaka vikajaa hamira za asili na bakteria wa asidi ya laktiki. Wafaransa huuita «pain au levain». Hapo maana imekwisha.

Kinachonikera ni hiki: siku hizi hapa Lubumbashi mkate wowote wenye zeituni, oregano na vipande vya jibini unauzwa kwa jina la «mkate wa chachu wa Kigiriki». Ukiuliza chachu yake imelelewa vipi, unajibiwa bila haya kwamba ndani kuna levire, yaani hamira ya pakiti, na vinegre, yaani siki, kidogo «ili ule uchachu utoke». Wengine hutia yaurti. Mkate unaweza kuwa mtamu sana, nami nimeula na kuongeza kipande cha pili. Lakini jina si lake.

Uchachu ni alama iliyoachwa na chachu baada ya kufanya kazi. Alama hiyo mtu anaweza kuinunua dukani kwenye chupa. Wafaransa waliliona tatizo hili mapema, ndiyo maana amri yao ya tarehe 13 Septemba 1993 haikuishia kwenye ladha. Inataka mkate unaoitwa «pain au levain» uwe na pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imepanda) isiyozidi 4,3, na nyama yake ya ndani iwe na angalau sehemu 900 za asidi ya asetiki katika kila milioni. Kisha inaongeza sharti ambalo wauza vinegre hawalipendi: asidi hiyo iwe imezaliwa ndani ya mkate wenyewe. Asidi ya asetiki ndiyo ile ile inayofanya siki iwe siki. Kwa hiyo ulimi peke yake hauwezi kuamua kesi hii, na sheria imeuliza asidi ilitoka wapi. Najua amri ya Paris haitutawali, lakini anayebandika «pain au levain» kwenye kioo cha duka lake amechukua neno hilo pamoja na mzigo wake.

Amri hiyo hiyo inawatuliza na wale wa upande wa pili, wanaodhani punje moja ya levire inaharibu kila kitu. Inaruhusu hamira ya kiwandani katika kukanda kwa mwisho, isizidi 0,2 kwa mia ya uzito wa unga, yaani gramu 2 kwa kilo. Cha muhimu ni kwamba chachu iwepo na iwe imefanya kazi.

Ajabu ni kwamba jambo hili sisi Wakatanga hatuhitaji kufundishwa. Munkoyo ni uji wa mahindi uliopoa, ukatiwa mizizi iliyopondwa, ukalala. Mizizi inavunja wanga, uji unakuwa mwepesi na mtamu, kisha unaanza kuchacha wenyewe na kuzidi kadiri unavyokaa. Hakuna mama wa Katuba, hapa hapa mjini, atakayekamulia ndimu kwenye uji na kuuita munkoyo. Angefanya hivyo, wateja wangemcheka, ingawa ndimu nayo ni chachu mdomoni.

Tena mkate wa chachu wa kweli unaweza kuwa na uchachu mdogo tu. Chachu iliyo laini na yenye joto hutoa zaidi asidi ya laktiki, ile pole ya maziwa ya mtindi. Ikiwa ngumu na ya baridi, asidi ya asetiki huongezeka na mkate hukata zaidi ulimini. Hapa kwetu, juu kama mita 1.200, mwezi wa Oktoba chachu hukimbia mpaka inakushinda, na asubuhi za Juni na Julai inajivuta kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Mikono ni ile ile na unga ni ule ule, ila ladha inabadilika. Mikate yote hiyo ni ya chachu.

Siki ina faida yake, siikatai: inachelewesha ukungu. Isichoweza ni kuupa unga zile saa nyingi ambamo asidi inapanda polepole na vimeng'enya vya unga vinavunja fitati, ile inayozuia mwili kupata chuma na zinki za nafaka. Huo ni muda, na muda hauuzwi kwenye chupa.

Ama huo Ugiriki, nao umewekwa mahali pasipo pake. Wagiriki wana chachu yao, prozymi, lakini wana pia lagana, mkate bapa wa kuanza Kwaresima ambao kwa asili hautiwi chachu kabisa. Na mkate wao wa zeituni unaweza kuumuliwa kwa hamira ya dukani, ukabaki wa Kigiriki. Kama kuna mmea wa kuhusishwa na chachu yao, basi ni mrehani. Tarehe 14 Septemba, sikukuu ya Msalaba, familia nyingi huchukua mrehani uliobarikiwa kanisani na kuanzisha nao prozymi mpya ya mwaka. Vijidudu vyenyewe hutoka hasa kwenye unga, lakini baraka ni baraka. Wagiriki waliokuja Katanga enzi za Wabelgiji walijenga hapa mjini kanisa lao la Kiorthodoksi, na mkate wa sadaka wa Waorthodoksi huwa umeumuka, tofauti na hostia ya Wakatoliki. Kabla hatujafika kwenye feta, lile jibini lao, tungeanzia hapo.

Oregano nayo isiingie kwenye chupa ya chachu. Ina mafuta yanayodhoofisha vijidudu, kwa hiyo itie kwenye unga wakati wa kukanda. Zeituni zikaushwe maji kwanza, na chumvi ipunguzwe, kwa sababu zenyewe na feta zimeshajaa chumvi.

Kwa hiyo, mama, ukitia levire na vinegre, andika tu «mkate wa zeituni na oregano». Ni jina zuri na utauza vilevile. Na wewe dada uliyelea chachu yako wiki nzima, ukaoka, ukaambiwa si ya kweli kwa kuwa mkate haukuchacha vya kutosha: mwambie mteja arudi Julai.