Genichiro na deni la televisheni mbili

Duka langu la gemu liko Langoni, Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Mchana natengeneza pedi za kuchezea na mashine. Baada ya Isha vijana huja kucheza, na wengi wao hutaka mpira tu. Wako wachache wanaokuja kwa ajili ya Sekiro, gemu ya kampuni ya FromSoftware ya Japani iliyotoka Machi 2019, na hao ndio ninaowaandikia leo, maana karibu wote hukwama mahali pamoja: juu ya ngome ya Ashina, mbele ya Genichiro, adui mwenye upanga.

Genichiro unakutana naye mwanzo kabisa, na hapo hapo anakukata mkono wa kushoto. Cheza utakavyocheza, mkono unakwenda. Ukimfikia tena, saa nyingi baadaye, una mkono wa bandia na uchungu wa kutosha. Nani asiyetaka kulipiza? Gemu yenyewe haina mahali pa kuchagua wepesi au ugumu. Lililo mbele yako ni hilo hilo kwa kila mtu.

Sasa nieleze inavyofanya kazi. Adui ana vitu viwili, uhai na mizani. Mizani, yaani uimara wa kusimama kwake, ni ule mstari wa manjano ulio juu, katikati ya skrini. Kila ukimpiga, hata akikinga, na kila ukipangua upanga wake kwa wakati wake, mstari unajaa. Ukijaa pomoni anayumba, nawe unapata nafasi ya kumchoma pigo la kumaliza hata kama uhai wake bado ni mwingi. Genichiro anataka mapigo mawili ya namna hiyo, kisha anavua deraya, anasimama upya na radi mkononi, na unatakiwa la tatu.

Siri yote iko hapa: ukimwachia nafasi, mstari unashuka. Mchezaji anampiga mara tatu, anaingiwa na hofu, anakimbia kunywa dawa kwenye kibuyu, anazunguka ukumbi mzima. Akirudi anakuta mizani ya mwenzake imepona, kazi yote imepotea. Na huko mbali si salama, maana Genichiro ana upinde, na mishale yake inakufuata. Lakini majeraha madogo ya mwanzo hayapotei bure. Uhai wake ukiwa umejaa, mizani hurudi haraka. Ukipungua, hurudi polepole. Kumkwaruza kidogo kidogo mwanzoni ndiko kunakomfanya aanguke mwishoni.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa sekondari alikaa kwenye kiti cha pembeni siku tatu mfululizo, anakufa tu. Siku ya nne nikaacha kuitazama skrini, nikatazama vidole vyake. Kidole cha shahada kilikuwa kinagonga L1, kitufe cha kukingia, kama sindano ya cherehani. Watu wengi hawajui kwamba ukibofya ovyo hivyo, gemu inakupunguzia ule muda mfupi wa kupangua. Kadiri unavyoogopa ndivyo mlango unavyozidi kuwa mwembamba. Nikazima feni, nikaongeza sauti ya televisheni. Nikamwambia, “Mwanangu, sahau macho. Sikiliza chuma.” Kukinga kwa kawaida kunatoa sauti nzito, butu. Kupangua barabara kunalia kwa ukali, kama nyundo juu ya fuawe.

Akafa tena, lakini safari hii nilisikia milio minne mizuri mfululizo. Akanigeukia: “Mara moya tena, ami.”

Nikamwonyesha na jambo la pili. Ukishikilia L1 bila kupigwa, mizani yako mwenyewe hupona haraka zaidi. Kwa hiyo pumziko lipo, ila unapumzika umesimama mbele yake, upanga juu. Mimi naona hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika gemu hii. (Wenye televisheni za nyumbani, washeni ile hali ya gemu kwenye mipangilio. Televisheni nyingi huchelewesha picha zikiipamba, na kwenye Sekiro kuchelewa huko ni kifo.)

Ya radi ni mafupi. Akiruka nayo, nawe ruka. Ikupate ukiwa hewani, na kabla miguu haijagusa chini, piga upanga, inamrudia mwenyewe. Ikikukuta chini, ndiyo hiyo.

Mimi nilimshinda Genichiro mwaka ule ule wa 2019, usiku, duka limefungwa. Wakati huo nilikuwa nadaiwa televisheni mbili na mfanyabiashara mmoja wa Mombasa. Nilikuwa nikituma kidogo, kisha nazima simu miezi miwili, mitatu. Nikija kuiwasha, hasira yake iko pale pale kama kwamba sikuwahi kulipa hata shilingi. Nilidhani ni mtu mgumu. Usiku ule, pedi bado iko mkononi, nikaona ninalolifanya: napiga, nakimbia, nampa muda wa kupona.

Asubuhi nikampigia mwenyewe. Alifoka, nikakaa kwenye simu mpaka akamaliza. Tukakubaliana kila Alhamisi nimtumie nilichonacho, hata mia tatu, na wiki nisiyokuwa na kitu nimpigie vile vile nimwambie sina. Ziko wiki nilizopiga hivyo mikono ikitetemeka. Kwa Genichiro hakuna neno la kumpoza, ana upanga tu; mtu wangu huyu kufika mwezi wa tatu alikuwa anaanza kwa kuniuliza hali ya mama. Nilipomaliza deni alikaa wiki mbili kimya, halafu Alhamisi moja akapiga yeye, akauliza kama nahitaji televisheni ya tatu.