Waifai ikipotea baada ya kusasisha Ubuntu, kadi haijafa

Umepandisha Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, kwenda toleo jipya, umewasha laptopu, orodha ya mitandao haipo. Wajuaji watakwambia kadi imeungua, au ufute kila kitu usakinishe upya. Mara nyingi si kweli: kilichobadilika ni kerneli, yaani kiini cha mfumo, na draiva, programu inayoiendesha kadi ya waifai, imeachwa nyuma.

Wanaosumbuka zaidi ni wenye kadi za Broadcom, zikiwemo za MacBook nyingi za zamani. Draiva yao, iitwayo wl, haimo ndani ya kerneli. Programu iitwayo DKMS huijenga upya kila kerneli mpya inapoingia. Ujenzi ukikwama, waifai hakuna.

Fungua tamino (Terminal, dirisha la kuandikia amri), andika lspci -k. Kadi ikitajwa bila mstari wa "Kernel driver in use", ujue mashine inaiona ila haina draiva. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti, kisha:

sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source

Kama Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na saini kompyuta inapowaka, imewashwa, huenda ukaombwa utunge nenosiri, ulirudie kwenye skrini ya buluu kompyuta inapowaka tena. Wengi huiruka skrini hiyo kwa pupa, draiva ikakataliwa, lawama zikarudi kwa kadi.