Jiwe limekwama kwenye yureta, acheni kung'ang'ania Buscopan

Wiki hii peke yake watu watatu wenye jiwe kwenye yureta, ule mrija unaoshusha mkojo toka figo hadi kibofu, wameniambia "daktari nichome tena Buscopan, mishipa inabana". Buscopan ni dawa ya kulegeza misuli ya tumbo inayobana. Wa mwisho alikuwa kijana aliyeletwa jana usiku, hakai halali, anajiviringisha tu kitandani, maumivu yanatoka ubavu wa kushoto yanashuka mpaka kwenye korodani, na huko alikotoka kashachomwa sindano mbili za hiyo hiyo Buscopan, anaomba ya tatu. Inaniuma kwa kweli, mtu anateseka masaa na dawa ambayo haikutakiwa kuwa ya kwanza.

Watu wanaamini ubongo ndo unaamrisha yureta ibane, basi ukiizima hiyo amri maumivu yameisha. Yureta haisubiri amri ya ubongo. Kule juu figo inapokusanyia mkojo kuna seli zinajipiga zenyewe, kama zile za moyo, wimbi linapita seli hadi seli na kushuka sentimita 25 mpaka 30 hadi kwenye kibofu, mara kadhaa kila dakika. Mimi nikiingiza kamera kwenye kibofu cha mgonjwa aliyechomwa ganzi ya mgongo, miguu imekufa hata umfinye hasikii, bado naona katundu ka yureta kanafunguka, kanarusha mkojo, kanafunga, sekunde kadhaa kanarusha tena. Na figo ya kupandikizwa je? Mishipa yake ya fahamu ilikatwa ilipotolewa kwa mwenyewe, lakini mkojo unasukumwa vizuri tu kwa mwili mpya.

Mishipa ya fahamu ina kazi, ila ni ya kuongeza na kupunguza. Noradrenalini, kemikali inayotolewa na mishipa hiyo, ikigusa vipokezi (sehemu za seli zinazoipokea) vya alfa misuli inakaza, ikigusa vya beta inalegea. Buscopan yenyewe inaziba asetilikolini, kemikali nyingine ya mishipa ya fahamu, ambayo kwenye utumbo ina nguvu sana lakini kwenye yureta ni kidogo, sasa utapunguzaje mdundo ambao haukuanzishwa nayo?

Halafu maumivu makali hayaletwi na jiwe kuchoma kama mwiba. Mkojo umezibwa, presha inapanda ndani ya figo, figo inavimba inatoa prostaglandini, kemikali za maumivu na uvimbe, hizo zinaongeza damu inayoingia kwenye figo na mkojo unaotengenezwa na misuli inazidi kubana, yaani presha juu ya presha. Diklofenaki, dawa ya maumivu, inakata prostaglandini, ndo maana inashinda. Yule kijana nilimchoma miligramu 75 kwenye msuli, baada ya nusu saa akaniomba shuka ajifunike alale. Ila kama una mimba, vidonda vya tumbo au figo zako zina shida sema mapema, kwako tutatumia kitu kingine.

Kunywa lita tano ili kulisukuma jiwe, hapana jamani, sio wakati unaumwa. Njia imezibwa, unaongeza mkojo nyuma ya kizuizi. Kunywa kwa kiu yako, maji mengi ni ya kuzuia jiwe lingine baadaye.

Akina mama wananirudishia tamsulosini ninayowaandikia ili jiwe lipite, "hii ni ya tezi dume, mimi sina". Dada, vipokezi vya alfa viko kwa wingi sehemu ya chini ya yureta, kwako na kwa mwanaume, dawa inailegeza hapo jiwe lipite. Inasaidia zaidi jiwe la zaidi ya milimita 5 lililoshafika chini, madogo mengi yanatoka yenyewe. Meza usiku, na usiinuke kwa haraka maana kizunguzungu kipo.

Na hii ya "maumivu yameisha basi limetoka" ni hatari. Jiwe linaweza kubaki pale pale, figo inaharibika taratibu bila kelele, kwa hiyo rudi upigwe picha hata kama unajisikia mzima. Ukipata homa au kutetemeka wakati una jiwe, usisubiri asubuhi, njoo usiku huo huo, hapo huenda kuna usaha nyuma ya jiwe na inabidi tuzibue njia ya mkojo haraka.