Kwa nini simu ya megapikseli 108 hushindwa na kamera ya megapikseli 12?

Mwaka 2020 Samsung walitoa simu ya Galaxy S20 Ultra, na gumzo likawa namba moja tu: megapikseli 108. Miaka sita kabla ya hapo, Sony walikuwa wametoa kamera ya A7S yenye megapikseli 12. Zipeleke zote mbili kwenye ukumbi wa harusi usiku, taa zimepunguzwa, bibi harusi anaingia. Picha ya A7S itatoka safi. Ya simu itakuwa na chengachenga kwenye vivuli, au ngozi za watu zitakuwa zimelainishwa hadi sura zimepoteza uhai. Inakuwaje namba kubwa ishindwe na ndogo?

Megapikseli ni idadi, kwa mamilioni, ya vijisehemu vinavyopokea mwanga (pikseli), basi. Namba hiyo haikuambii kila kijisehemu kina ukubwa gani, wala lenzi iliyo mbele yake inaleta mwanga wa namna gani. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua picha, na kwa bahati mbaya hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Tuanze na sensa, ile sahani ndogo ya silikoni inayokaa nyuma ya lenzi. Ya A7S ina upana wa takriban milimita 36 na kimo cha 24. Ya simu ile ni kama milimita 9.6 kwa 7.2, yaani eneo la ya kamera ni mara 12 hivi ya lile la simu. Sasa gawa maeneo hayo kwa idadi ya pikseli. Pikseli moja ya A7S inapata upana wa maikromita 8.4, na ya simu maikromita 0.8 (maikromita 1,000 ni milimita moja). Kwa eneo, pikseli moja ya kamera ni sawa na zaidi ya 100 za simu.

Ukubwa huo una maana kwa sababu mwanga huja kwa chembechembe ziitwazo fotoni, nazo hutua bila mpangilio. Pikseli iliyotarajiwa kupokea fotoni 100 itapata 92, jirani yake 111, ingawa zote mbili zinatazama ukuta uleule mweupe. Kiasi cha kuyumba huko ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Kwenye fotoni 100, hesabu huyumba kwa 10, ambayo ni asilimia 10. Kwenye fotoni 10,000 huyumba kwa 100, ambayo ni asilimia 1 tu. Sehemu kubwa ya chengachenga unazoziona gizani ni huko kuyumba. Hakuna fundi aliyekosea kiwandani, mwanga wenyewe ndivyo ulivyo. Juani fotoni ni tele, hata pikseli ndogo inashiba, ndiyo maana picha za simu za ufukweni mchana zinapendeza kweli.

Samsung wenyewe wanalijua hili. Kwa kawaida simu hiyo huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12! Usiku hupiga picha kadhaa mfululizo na kuzichanganya. Ni ufundi wa hali ya juu, na kwa jengo au mtu aliyetulia unafanya kazi vizuri sana. Kwa watu wanaocheza, kila picha imemkuta mtu mahali pengine, na programu inabaki kubahatisha.

Lakini hata sensa bora hupokea kile tu ambacho lenzi imekileta. Mwanga unapopita kwenye tundu la lenzi hutawanyika kidogo, kwa hiyo nukta moja ya mwanga haitui ikiwa nukta, hutua ikiwa kiduara. Kipenyo chake unaweza kukikokotoa: 2.44, mara urefu wa wimbi la mwanga, mara namba ya tundu (ile inayoandikwa f/, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo). Mwanga wa kijani una wimbi la maikromita 0.55 hivi, na lenzi kuu ya simu ile ina tundu la f/1.8. Jibu ni maikromita 2.4. Pikseli zake zina 0.8. Kwa hiyo hata lenzi isiyo na doa ingeitandaza nukta moja kwenye upana wa pikseli tatu, na pikseli hizo zote zingebeba karibu habari ileile. Hapa ndipo ninapoona kwamba 108 ni namba ya tangazo zaidi kuliko ya picha. Wenye kamera kubwa nao hawajasalimika: ukifunga tundu hadi f/16, kiduara kinafika maikromita 21, na picha hupoteza ukali hata kama kila kitu kiko kwenye fokasi.

Kisha kuna mng'ao. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Lenzi ya Tessar, iliyobuniwa na Paul Rudolph wa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, mwaka 1902, ina vioo vinne, viwili vikiwa vimegandishwa pamoja, hivyo nyuso sita zinagusana na hewa. Vioo hivyo visipopakwa kitu cha kupunguza mng'ao, zaidi ya moja ya tano ya mwanga haifiki. Baya zaidi, sehemu ya mwanga huo huzungukazunguka ndani na kuangukia penye giza, na weusi wa picha ukapauka. Mwaka 1935 Alexander Smakula, naye wa Zeiss, alibuni utando mwembamba wa kuupunguza mng'ao huo, na lenzi za leo zenye vioo kumi na zaidi zinautegemea.

Enzi za filamu, "sensa" mpya ulikuwa unainunua dukani kila mkanda ulipoisha. Kamera ya bei rahisi na Leica, kamera ya kifahari ya Kijerumani, ziliweza kubeba mkanda uleule, kwa hiyo lenzi ndiyo iliyobeba tofauti. Leica ya mwaka 1925 ndiyo iliyokieneza kipimo cha milimita 24 kwa 36, na A7S imekirithi. Picha nyingi za zamani za studio zina ukali wa kushangaza kwa sababu negativu zake (vipande vya filamu vilivyonasa picha) zilikuwa kubwa kuliko kipimo hicho: ya sentimita 6 kwa 6 ina eneo zaidi ya mara tatu. Filamu ya negativu pia huvumilia mwanga mkali taratibu. Kanzu nyeupe juani hubaki na mikunjo yake, ilhali pikseli ikishajaa haiandiki kitu zaidi ya weupe.

Basi mwenye kamera ya wastani na fedha kidogo, ushauri wangu ni anunue lenzi nzuri kwanza. Akiwa Mombasa, Tanga au Unguja na lenzi ni ya mtumba, aimulike kwa tochi akichungulia upande wa pili. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba zinazotawanya mwanga na kula utando. Akiziona, aiache dukani.